Black Sabbath kabla ya ukubwa: vijana wanne wa Aston na sauti ya kiwandani

Jina la Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza, nililisikia kanisani kabla sijalisikia mahali pengine popote. Miaka ya tisini kaseti za mahubiri zilikuwa zinazunguka mtaa kwa mtaa, na mhubiri alizitaja bendi za Uingereza na Marekani moja baada ya nyingine, akieleza kila moja ilivyoingia mkataba na kuzimu. Black Sabbath haikukosa kutajwa. Miaka ikapita, nikaipata albamu yao ya kwanza wakati nikipiga gitaa la rizimu kwenye kwaya, nikaisikiliza kwa umakini wa mtu aliyeonywa. Mimi nimekulia Gerezani, Dar es Salaam, jirani na mafundi chuma. Nilichokisikia kwenye albamu ile kilikuwa karakana: nyundo nzito inashuka, nyingine inaijibu kwa kuchelewa kidogo, na bati linaendelea kulia baada ya pigo.

Tangu hapo nimesoma na kusikiliza kila nilichopata kuhusu miaka yao ya kwanza, na imani yangu imezidi kukomaa. Muziki huu umetoka kazini. Umetoka kwenye ajali ya kazini, kwenye mji wa viwanda, na kwenye hofu ya vijana wanne waliojua kabisa kwamba bendi ikifa, zamu ya asubuhi inawasubiri. Habari za shetani ziliongezwa baadaye, na kwa sehemu kubwa ziliongezwa na watu wa biashara.

Aston ni kitongoji cha jiji la Birmingham, katikati ya Uingereza. Mpenzi wa soka anaijua kwa sababu ya Aston Villa na uwanja wao wa Villa Park. Birmingham ilikuwa mji wa kutengeneza vitu: bunduki, pikipiki, magari, vipuri, nati na bolti. Kwa sababu hiyohiyo ndege za Ujerumani ziliupiga vibaya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watoto waliozaliwa Aston mwishoni mwa miaka ya arobaini walicheza kwenye vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu. Wanne kati yao ndio tunaowazungumzia: Tony Iommi, aliyezaliwa Februari 1948, mtoto wa familia yenye asili ya Italia; Bill Ward, aliyekuja kuwa mpiga ngoma, Mei 1948; John Osbourne aliyeitwa Ozzy, Desemba 1948; na Terence Butler aliyeitwa Geezer, Julai 1949, mtoto wa Wakatoliki wa asili ya Ireland. Nyumba za akina Osbourne zilikuwa za mlolongo, ukuta kwa ukuta, choo nje, watoto sita ndani.

Mtoto wa Aston akimaliza shule akiwa na miaka 15, njia ilikuwa imeshachorwa. Ozzy alipita kazi kadhaa. Aliwahi kufanya kazi machinjioni. Aliwahi kuwa kwenye kiwanda alichofanya kazi mama yake, cha vifaa vya magari, na kazi yake ikawa kupima sauti ya honi. Siku nzima amekaa chumbani akisikiliza honi, moja baada ya nyingine. Akajaribu wizi, akakamatwa, akatozwa faini. Baba yake akakataa kuilipa ili mtoto ajifunze, na Ozzy akakaa wiki kadhaa kwenye gereza la Winson Green. Geezer alikuwa na bahati kidogo: alikuwa anajifunza kazi ya uhasibu ofisini.

Iommi alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye kiwanda cha mabati. Hapa nitasimama, kwa sababu bila siku hii hakuna bendi.

Ilikuwa mwaka 1965, ana miaka 17. Alikuwa amepata nafasi kwenye bendi iliyotaka kwenda kupiga Ujerumani, akaaga kazini. Siku yake ya mwisho, mfanyakazi aliyekuwa akiendesha mashine ya kukandamiza mabati hakutokea. Kazi ya Iommi ilitegemea mabati yanayotoka kwenye mashine ile, kwa hiyo akaambiwa aisimamie yeye, ingawa hajawahi kuigusa. Mchana akarudi nyumbani kula, akamwambia mama yake kwamba harudi tena kiwandani. Mama akasema hapana, nenda ukamalize kazi yako vizuri. Akarudi. Mashine ikashuka juu ya mkono wake wa kulia, naye kwa mshtuko akauvuta. Ncha za vidole viwili, cha kati na kinachofuata kuelekea kidogo, zikabaki kwenye mashine.

Iommi hutumia shoto. Mpiga gitaa wa mkono wa kushoto hukamata nyuzi kwa mkono wa kulia. Yaani vidole vilivyokatika ni vile vya kukandamizia nyuzi, vidole vinavyobeba noti zote na kodi zote, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Madaktari walimwambia aachane na gitaa. Mpiga gitaa yeyote anayesoma hapa aangalie vidole vyake viwili vya katikati, halafu afikirie maneno hayo.

Aliyemwokoa ni msimamizi wake wa kiwandani. Alimtembelea nyumbani akiwa na santuri, akamwambia sikiliza. Iommi hakutaka kumsikia mtu yeyote akipiga gitaa siku zile, lakini akakubali. Alikuwa Django Reinhardt, mpiga gitaa maarufu wa jazi, aliyeungua mkono mwaka 1928 moto ulipowaka kwenye gari lake la kuishi, na tangu hapo akawa anapiga solo kwa vidole viwili tu. Iommi akainuka.

Alichofanya baada ya hapo ni kazi ya fundi. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga iwe kama tonge, akaitoboa kwa chuma cha moto, akaisugua kwa msasa hadi ikaingia kwenye vidole kama kofia. Plastiki ikawa inateleza kwenye nyuzi, basi akakata vipande vya ngozi kutoka kwenye jaketi kuukuu, akavigandisha juu. Kofia zile zilimwezesha kushika, lakini hakuweza kuhisi uzi ulio chini ya kidole. Ilimbidi ajue kwa sikio kama amekandamiza vya kutosha au amezidisha. Nyuzi za kawaida zilikuwa nene mno kwake, na nyembamba hazikuwa zikiuzwa, kwa hiyo akafunga nyuzi za banjo juu na kuzisogeza nyingine nafasi moja chini. Na kwa kuwa kodi nyingi kamili zilimshinda, akaegemea kwenye kodi za noti mbili tatu, zile zinazokamatwa chini kwenye nyuzi nene na kupigwa kwa nguvu. Ndizo kodi ambazo leo kila kijana anayejifunza roki huanza nazo. Kwake zilikuwa njia ya kupita pale vidole vyake viliposhindwa kupita.

Nimejaribu kufunika ncha za vidole vyangu na kupiga hivyo. Mtu unapoteza wepesi wote. Kinachobaki ni uzito, na uamuzi wa kuiacha kila noti iishi muda wake.

Bendi ilikuja baada ya hapo. Mwanzoni mwa 1968 Iommi na Bill Ward walikuwa kwenye bendi ya Mythology, iliyokuwa na makao Carlisle, kaskazini kabisa karibu na Scotland. Polisi wakawakamata na bangi, kazi zikakauka, bendi ikavunjika, wawili hawa wakarudi Birmingham kutafuta mwimbaji. Kwenye duka la vyombo vya muziki wakaona tangazo: Ozzy Zig anatafuta bendi, ana vyombo vyake mwenyewe. Anayejua historia ya dansi yetu anaelewa mara moja kwa nini tangazo lile lilikuwa na nguvu. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Vyombo vya Ozzy, spika na amplifaya ya sauti, baba yake alikuwa amechukua mkopo ili amnunulie.

Iommi alipofika mlangoni na kumwona mwenye tangazo, alitaka kugeuza. Walisoma shule moja, Birchfield Road, Iommi akiwa mbele mwaka mmoja, na hakumkumbuka Ozzy kama mtu wa kuimba. Shuleni Iommi alikuwa akimwonea Ozzy. Lakini siku chache baadaye wakakubaliana wajaribu, na Ozzy akamleta Geezer waliyekuwa naye kwenye bendi nyingine iliyoitwa Rare Breed. Geezer alikuwa mpiga gitaa la rizimu. Iommi hakutaka gitaa la pili, kwa hiyo Geezer akahamia besi, na mwanzoni, kwa kukosa besi, alizilegeza nyuzi za gitaa lake la kawaida akapigia hilohilo.

Waliita bendi Polka Tulk Blues Band, jina la Ozzy. Walikuwa sita, pamoja na mpiga saksafoni na gitaa la pili. Hao wawili wakaondolewa muda si mrefu, jina likawa Earth, wakabaki wanne wakipiga kopi za bluzi kwenye kumbi za baa na klabu. Watu walinunua bia na kuendelea na mazungumzo yao. Jambo hili nalichukulia kwa uzito: Ward na wenzake wamesimulia kwamba waliongeza sauti ya amplifaya kwa hasira, ili watu wanyamaze. Mwanzo wa ule ukali uko hapo. Nguvu ilikuwa dai la kusikilizwa.

Walikuwa na mbinu nyingine ninayoipenda. Bendi kubwa ikija mjini, wao walipakia vyombo kwenye gari na kwenda kusubiri nje ya ukumbi, wageni wasipofika wapande wao. Kwa mujibu wa Ozzy, siku moja Jethro Tull walichelewa njiani, Earth wakapanda, na Ian Anderson, kiongozi wa Jethro Tull, akafika akamkuta Iommi anapiga. Mwishoni mwa 1968 Anderson akamchukua. Jethro Tull walikuwa bendi inayopanda kwa kasi, na tarehe 11 Desemba 1968 Iommi alisimama nao mbele ya kamera kwenye onyesho la televisheni lililoandaliwa na Rolling Stones, amevaa kofia, anaangalia chini. Ilikuwa nafasi ambayo mpiga gitaa wa Aston hakupaswa kuiachia.

Akaiachia. Hakupenda kuwa mfanyakazi wa mtu kwenye bendi, na aliwakosa wenzake. Lakini alirudi na somo moja. Kwa Jethro Tull mazoezi yalianza asubuhi kama kazi ya ofisini, na mtu hachelewi. Iommi akawaambia wenzake: tukitaka kufika popote, tutafanya hivyohivyo. Wakaanza mazoezi saa tatu asubuhi, wakikutana kwenye ukumbi wa jumuiya pale Aston. Vijana waliokimbia kiwanda wakajiwekea saa za kiwanda, safari hii kwa ajili yao wenyewe. Ninaposikia watu wakidhani muziki huu ulitoka kwenye ulevi na fujo, ambavyo navyo vilikuwepo na vikawaumiza sana baadaye, hukumbuka asubuhi zile.

Meneja wao wa kwanza alikuwa Jim Simpson, mpiga tarumbeta na mtu wa jazi, aliyeendesha usiku wa bluzi kwenye baa ya The Crown katikati ya Birmingham, karibu na stesheni ya reli. Aliwapa jukwaa, kisha akaanza kuwatafutia kazi nje. Ujerumani, mjini Hamburg, walipiga Star-Club, ukumbi uleule uliowahi kuwalea Beatles. Kazi ya pale ilikuwa kupanda jukwaani mara kadhaa kwa siku, dakika arobaini na tano kila awamu. Hakuna bendi yenye nyimbo za kujaza muda huo. Ikawabidi warefushe. Wimbo mmoja wa bluzi ukawa wa dakika ishirini, katikati yake Iommi anatafuta kitu kipya, Geezer anamfuata, Ward anabadilisha mwendo bila kuambiwa. Vipande vingi vya albamu ya kwanza vilizaliwa kwenye kujaza muda huko, watu wachache ukumbini, mishahara midogo, chakula cha shida.

Jina la Earth lilikuwa na tatizo: kulikuwa na bendi nyingine ikilitumia, na siku moja wakaalikwa kupiga mahali ambako watu walitegemea muziki wa kuchezea uliotulia. Jina jipya lilitoka sinema. Ng'ambo ya barabara kutoka ukumbi wao wa mazoezi palikuwa na jumba la sinema lililoonyesha filamu ya kutisha ya Mario Bava ya mwaka 1963, aliyoigiza Boris Karloff, na kwa Kiingereza iliitwa Black Sabbath. Waliona foleni ya watu, wakashangaa: watu wanalipa pesa yao ili watishwe. Kwa nini basi kusiwe na muziki wa namna hiyo? Kiangazi cha 1969 wakabadilisha jina.

Wimbo wenye jina hilo walikuwa wameshaanza kuupiga, na huu nataka tuusogelee kwa karibu, hasa wana kwaya wenzangu mnaosoma solfa. Chukua do. Panda hadi do ya juu. Kisha shuka usimame kwenye fi, ile fa iliyopandishwa nusu, na uishikilie ikitetemeka. Basi. Sehemu kubwa ya wimbo imejengwa juu ya noti hizo tatu, polepole kuliko mwendo wa maziko. Kati ya do na fi kuna hatua tatu kamili za sauti, nafasi ambayo walimu wa zamani wa Ulaya waliita shetani ndani ya muziki kwa sababu sikio halipati pa kupumzika. Mwalimu wa kwaya anaijua fi kama noti ya kupita: unaigusa ukielekea so, roho inatulia. Iommi anaigusa na hakupeleki so. Anakurudisha chini uanze tena. Geezer amesema alikuwa akipenda sana Mars, kipande cha Gustav Holst kuhusu vita, na siku moja kabla alikuwa akikipapasa kwenye besi. Iommi akaja na hizo noti zake. Wanasimulia kwamba nywele ziliwasimama, na walipoupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza ukumbi ulinyamaza, kisha ukalipuka.

Maneno nayo yana chanzo chake. Geezer, Mkatoliki aliyekuwa ameanza kusoma vitabu vya mizungu kama vijana wengi wa wakati ule, aliamka usiku akaona umbo jeusi limesimama mwisho wa kitanda. Aliogopa kiasi cha kuachana na vitabu vile. Akamsimulia Ozzy, Ozzy akaandika. Sasa sikiliza wimbo wenyewe: msimuliaji amekutana na kitu cheusi, anakimbia, anamlilia Mungu amsaidie. Hakuna mahali anapomkaribisha shetani. Ni kilio cha mtu aliyetishika, na Ozzy anakiimba hivyo, sauti yake nyembamba ya juu ikipasuka juu ya gitaa zito.

Kampuni za kurekodi ziliwakataa nyingi. Simpson alizunguka London na kanda zao, akarudi mikono mitupu mara kwa mara. Hatimaye wakapata mkataba, na Oktoba 1969 wakaingia studio ya Regent Sound, London, mtayarishaji akiwa Rodger Bain na fundi mitambo Tom Allom. Walikuwa na siku mbili, moja ya kurekodi na nyingine ya kuchanganya sauti. Walifanya walichokijua: wakafunga vyombo wakapiga onyesho lao kama wako ukumbini, wote kwa pamoja, Ozzy akiwa amewekwa kwenye kibanda chake. Mapema katika siku hiyo gitaa la Iommi, Fender Stratocaster, likaharibika kifaa cha kunasia sauti. Akachukua gitaa la akiba, Gibson SG. Gitaa lile lina kisa chake: mwanzo alikuwa na SG ya mkono wa kulia akiipiga kwa kuigeuza, akasikia kuna mtu anayetumia mkono wa kulia lakini ana SG ya mkono wa kushoto, wakakutana wakabadilishana. Aina hiyo ikawa gitaa lake la maisha, na sauti yake nene ndiyo tunayoijua leo.

Walimaliza siku hiyohiyo, wakarudi kwenye safari zao za kupiga. Sauti ya mvua, radi na kengele ya kanisa inayofungua albamu iliongezwa bila wao kuwepo, na lazima nikiri Bain na Allom waliona mbali. Kengele ile inafanya mlango.

Albamu ilitoka kwa lebo ya Vertigo siku ya Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970. Tarehe hiyo haikuchaguliwa na vijana wa Aston. Jalada linaonyesha mwanamke mwenye vazi jeusi amesimama mbele ya kinu cha zamani cha maji cha Mapledurham, Oxfordshire. Ukifungua jalada, ndani kuna msalaba uliopinduliwa. Bendi wamesema kwa miaka yote kwamba msalaba huo uliwekwa na kampuni na wao waliuona pamoja na wanunuzi. Ghafla wakaanza kutafutwa na watu wa uchawi, na kulaaniwa na watu wa dini, kwa jambo ambalo hawakulichora. Baba yake Ozzy, fundi wa vyuma, aliwatengenezea misalaba ya alumini wavae shingoni iwakinge. Misalaba ile mikubwa kwenye picha zao za zamani, ambayo wahubiri wa kaseti waliitaja kama alama ya kuzimu, ilikuwa kazi ya mikono ya mzee aliyewaogopea watoto.

Kuna wimbo kwenye albamu hiyo unaoitwa N.I.B. Kwa miongo watu wametafsiri herufi hizo kama siri ya kishetani. Asili yake ni ndevu za Bill Ward, zilizochongoka wenzake wakaziona kama ncha ya kalamu ya wino, ambayo kwa Kiingereza ni nib. Nukta za katikati ziliwekwa ili jina livutie. Na mwaka 1971 Geezer aliandika wimbo After Forever, ambao unamtetea Kristo waziwazi na kumuuliza msikilizaji kama amefikiria roho yake. Natamani yule mhubiri angetafsiriwa wimbo huo neno kwa neno.

Waandishi wa muziki waliiponda albamu. Lester Bangs, kwenye jarida la Rolling Stone, aliwaona kama kopi mbovu ya Cream, bendi nyingine ya Uingereza. Wanunuzi hawakumsubiri. Nchini Uingereza ilifika nafasi ya 8, na Marekani ikafika ya 23, bila msaada wa maana wa redio. Waliobeba albamu ile ni vijana kama wao, wenye grisi mikononi.

Kampuni ikataka nyingine haraka, na kufikia kati ya 1970 walikuwa studio tena na Bain. Hapa Geezer anakuwa mwandishi hasa. Vita ya Vietnam ilikuwa imepamba moto, na bendi ilikuwa imepiga kwenye kambi za wanajeshi wa Marekani huko Ulaya, ikawasikia walivyorudi wamevunjika na dawa za kulevya kwenye mishipa. Wimbo Hand of Doom umetoka hapo. War Pigs, ambao mwanzoni ulikuwa na jina la Walpurgis na picha za wachawi, ulibaki na wachawi wake kama mfano: majenerali na wanasiasa wanaokaa mezani kupanga vita wapigane watoto wa maskini, kisha siku ya hukumu wanapiga magoti. Mtoto wa Aston aliyekulia kwenye vifusi vya mabomu alikuwa na haki ya kuandika hayo kuliko wengi.

Albamu ilipangwa iitwe War Pigs. Lakini ilipungua dakika chache, Bain akaomba wimbo mfupi wa kujazia. Wenzake wametoka kwenda kula, Iommi amebaki na gitaa. Waliporudi akawapigia kipande cha kasi, Geezer akaandika maneno ya mtu anayezama kwenye huzuni asiyoweza kuieleza, na ndani ya muda wa chini ya nusu saa Paranoid ikawa imekamilika. Kampuni ikauona wimbo huo ni biashara, jina la albamu likabadilishwa, na jalada la mtu mwenye upanga na ngao likaachwa lilivyo bila uhusiano wowote na jina jipya. Paranoid ilitoka Uingereza tarehe 18 Septemba 1970, siku aliyofariki Jimi Hendrix mjini London. Wimbo ukafika nafasi ya 4, albamu ikashika namba moja. Karibu mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu warekodi albamu ya kwanza kwa siku moja.

Katika mwezi uleule Simpson aliachishwa. Watu wa London, Patrick Meehan akiwa mbele, walikuja na ahadi kubwa kuliko za mpiga tarumbeta wa Birmingham. Simpson alikwenda mahakamani na kesi ikachukua miaka. Naisikitikia sehemu hii. Simpson alikuwa nao walipokuwa hawana nauli, na baadaye bendi yenyewe ilikuja kulalamika kwamba pesa zao nyingi hawakujua zilikokwenda chini ya uongozi mpya.

Nafunga hesabu ya miaka yao ya mwanzo na Master of Reality ya 1971, kwa sababu pale vidole vya Iommi vinakamilisha kazi. Maumivu ya kukandamiza nyuzi hayakuisha, kwa hiyo akazilegeza zote kwa sauti moja na nusu chini. Geezer akashusha besi yake imfuate. Nyuzi zilizolegea hutikisika kwa upana zaidi, noti huchelewa kutulia, na bendi nzima ikawa kama imeshuka ghorofa moja chini ya ardhi. Leo kuna bendi duniani kote, kuanzia Seattle hadi Nairobi, zinazolegeza nyuzi ili zipate uzito huo.

Wote wanne walipanda jukwaa moja kwa mara ya mwisho Villa Park, Aston, tarehe 5 Julai 2025, Ozzy akiimba ameketi kwenye kiti kwa sababu ya ugonjwa. Alifariki tarehe 22 ya mwezi huohuo. Maelfu walijaza barabara za Birmingham kumsindikiza, na wengi waliogundua bendi wiki ile wananiuliza waanzie wapi. Nawaambia waanze na Into the Void, wimbo wa mwisho wa Master of Reality, kwa spika nzuri au visikilizio, na raundi ya kwanza wamsikilize Bill Ward peke yake. Gitaa litajileta lenyewe.